Bomba Lisilo na Kitu Kinachozunguka

Injini ya ramujeti haina feni, haina pistoni, haina mhimili. Ni bomba. Hewa huingia mbele, mwendo wenyewe huibana, mafuta humiminwa, moto huwaka, na gesi hutoka nyuma kwa kasi kubwa kuliko hewa ilivyoingia. Mfaransa René Lorin aliieleza mwaka 1913. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, ustadi wote umo katika umbo la bati, na ndiyo maana nikiwatazama mafundi wa jua kali hapa Kakamega wakikunja bati hadi liwe duara kamili, naona kazi hii iko karibu na mikono yao.

Mdomo wa bomba huanza mwembamba, kisha hupanuka polepole ili hewa ipunguze mwendo na shinikizo lipande. Ukipanuka haraka, hewa huachana na ukuta na kuvurugika. Kovu la kuchomelea likibaki ndani, nalo huharibu. Fundi mzuri hulisaga, hupitisha kidole, husaga tena.

Halafu kuna moto, sehemu ninayoistahi kuliko zote. Mwali wa petroli husambaa kwa takriban nusu mita kwa sekunde katika hewa tulivu, na upepo humo ndani hukimbia makumi ya mita kwa sekunde. Mwali usipokingwa, huzimika. Kinga ni kipande cha chuma chenye umbo la V: nyuma yake hewa huzunguka taratibu, kama maji nyuma ya jiwe katika Mto Isiukhu, na humo moto hujishikiza. Kikiwa kipana mno, kinaziba njia. Kikiwa chembamba mno, moto unapeperuka.

Kikwazo kikubwa ni mwendo. Gari likienda kilomita 100 kwa saa kuelekea Kisumu, mdomo wa bomba huongeza shinikizo kwa karibu nusu ya asilimia moja tu. Kwa nusu ya kasi ya sauti, ongezeko halifiki hata asilimia 20. Kwa kasi ya sauti mara mbili, shinikizo hukaribia mara nane, na hapo ndipo ramujeti hupata nguvu ya kweli. Tena Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 14, na msukumo hupungua nayo.

Mhandisi Mfaransa René Leduc alikijua kikwazo hicho cha mwendo. Ndege yake, Leduc 0.10, ilibebwa mgongoni mwa ndege kubwa. Tarehe 21 Aprili 1949 rubani Jean Gonord aliiwasha angani na kufikia takriban kilomita 680 kwa saa, kwa nusu ya nguvu ya injini.

Kwa hiyo ndege ndogo ya kuchezea, isiyofikia mwendo huo, si mahali pa ramujeti. Mahali pake ni roketi: roketi isukume kwanza, kisha bomba lichukue zamu. Tena mafuta yanaweza kuwa plastiki iliyotandazwa ndani ya bomba, bila pampu wala kinyunyizio. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wa mradi wa Nakuja tayari huunda roketi ndogo. Fundi wa bati wa Kakamega akiwapelekea mdomo uliosagwa vizuri, jaribio la kwanza si la kuruka: ni kuupuliza hewa kali ukiwa umefungwa chini, kupima shinikizo sehemu mbalimbali, na kurudi karakanani kurekebisha umbo.