"Merchant", bepari na anayechuruza: kuhusu jina la tafsiri moja

Mwaka 1969 Julius K. Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice. Hapa tunajadili neno moja tu la jina hilo.

"Merchant" ni neno la kawaida la Kiingereza, lakini maana zake ni kadhaa. Ni mfanyabiashara mkubwa asafirishaye bidhaa ng'ambo. Huko Uskochi ni hata mwenye duka. Na zamani lilitumika kwa dharau, kwa maana ya "jamaa yule". Shakespeare amelitumia katika umoja, na kwa maana ya kwanza: humtaja Antonio, mwenye shehena baharini. Shylock ni mkopeshaji wa riba.

Neno bepari nalo lina matabaka mawili. Asili yake ni Bara Hindi, ambako maana yake ni mfanyabiashara tu. Lakini katika Tanzania ya Azimio la Arusha la 1967, maana ya mwenye mtaji anayenyonya wengine ndiyo iliyotawala. Kwa hiyo wingi "mabepari" unawatia Antonio na Shylock katika kapu moja kabla mchezo haujaanza. Portia anapouliza mahakamani yupi mfanyabiashara na yupi Myahudi, swali limekwisha kupoteza makali.

Yaweza kujibiwa kwamba wingi huo ni uhakiki wa makusudi: Shylock mwenyewe anawakumbusha Wavenisi kuwa nao wana watumwa walionunuliwa. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ni hukumu ambayo msomaji angestahili kuifikia mwenyewe mwishoni, wala si kukabidhiwa kwenye jalada.

Huku Bukavu, bepari ni neno la vitabuni. Afanyaye biashara katika soko la Kadutu husemwa kuwa anachuruza; mkopo wa mtaani wenye riba kubwa huitwa "banque Lambert". Usemi wa wakazi unatenganisha kile ambacho jina la tafsiri limekiunganisha. Antonio anachuruza, na hukopesha bila riba; ndiyo sababu mojawapo ya Shylock kumchukia.

Mwalimu wa Bukavu, basi, asianze kwa kufasili ubepari. Aanze kwa kuwauliza wanafunzi nani anachuruza na nani anakopesha, kisha awaache wapime kama jina la Nyerere linawatendea haki wote wawili.