Titi na Jicho

Mama mmoja wa Likoni alianza kuona mwimo wa mlango wake umepinda. Akafunga jicho la kulia, ukanyooka; akafunga la kushoto, ukapinda tena. Alipofika kwa daktari wa macho alieleza hayo tu. Kwamba miaka mingi nyuma alikatwa titi, hakutaja. Titi na jicho vina udugu gani?

Udugu huo ndio unaonifanya niistahi kazi ya madaktari hawa. Tangu Mjerumani Hermann von Helmholtz alipochapisha habari za chombo chake cha kumulikia ndani ya jicho, mwaka 1851, mishipa ya damu ya mtu aliye hai huonekana bila kisu. Mgonjwa hutiwa matone, mboni zikafunguka. Daktari huvaa taa kichwani, akashika lenzi kwa vidole viwili. Picha humjia juu chini, kulia kushoto; huigeuza akilini, mkono usitikisike.

Nyuma ya retina iko koroidi, tabaka lenye damu tele. Mbegu za saratani ya matiti au mapafu zikichukuliwa na damu, mara nyingine hutua hapo, zikaonekana kama baka la rangi ya malai. Lakini si kila doa ni saratani iliyorudi. Vichembe vinavyometa katikati ya retina huweza kuachwa na tamoksifeni, dawa ileile iliyomkinga mgonjwa. Madoa ya damu yenye kiini cheupe huweza kuletwa na saratani ya damu, au na upungufu wa damu. Mionzi nayo huweza kudhuru mishipa miaka kadhaa baada ya tiba.

Basi stadi hana pupa ya kutaja ugonjwa. Huzima taa, akasogeza kiti.

"Mama, zamani uliwahi kuugua nini?"

"Nilikatwa titi, mwanangu. Lakini hayo yalikwisha."

Jibu hilo hulipa baka maana. Hufuata altrasaundi ya jicho, kisha daktari wa saratani. Maana uvimbe wa namna hii, ukiwahiwa, mara nyingi hunywea kwa mionzi au dawa, na macho yakaokolewa.

Kwenye feri ya kurudi Likoni jua la mkondo linamchoma mama yule, mboni bado wazi. Amejitanda kanga hadi usoni, mkono begani kwa mwanawe. Mkobani mna barua, na ndani yake, kwa mstari mmoja, titi na jicho vimeandikwa pamoja.