Tafakuri Isiyofika Darasani: Uhakiki wa Kozi za Ualimu za Mtandaoni kwa Mfano wa Buhinyuza

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya walimu wa Kiswahili imeongezeka, na kozi za mtandaoni huonekana kuwa njia ya kuwafikia walio mbali na Bujumbura. Makala haya yanahoji zoezi moja lililozoeleka katika kozi hizo: mwanafunzi kuandika, mwishoni mwa kila mada, “nilichojifunza”.

Donald Schön (1983) alitofautisha tafakuri ndani ya tendo na tafakuri juu ya tendo. Zote mbili zinahitaji tendo. Pasipo tendo, kinachoandikwa ni muhtasari wa mihadhara uliopachikwa nafsi ya kwanza, na mhadhiri hutunuku alama kwa unyenyekevu wa maneno.

Tumchukue mwalimu anayefundisha Buhinyuza, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, huku akisoma kwa simu. Mwanafunzi wake, mzawa wa Kirundi, anasema “gusoma” lakini “kurima”. Mwalimu aliyekariri mada ya fonolojia ataona makosa mawili ya ovyo. Aliyetakiwa kuyaorodhesha makosa ya kipindi kimoja na kuyatafutia chanzo atagundua kanuni: katika Kirundi, /k/ ya kiambishi huwa /g/ mbele ya mzizi unaoanza na konsonanti sighuna, na /r/ hushika nafasi ya /l/ ya Kiswahili. Mtoto hakukosea ovyo; amefuata sarufi ya kwao. Kesho yake mwalimu atasahihisha kwa namna nyingine, na hiyo namna nyingine ndiyo tafakuri inayostahili kupimwa.

Huenda ikadaiwa kwamba umbali hauruhusu vitendo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, huwapeleka wanafunzi wake wa ualimu shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Hivyo umbali si kisingizio. Hoja nzito zaidi ni mzigo wa usahihishaji. Jibu letu ni kupunguza idadi ya tafakuri, si kina chake: mbili zenye ushahidi wa darasani zinatosha kwa muhula.

Tunashauri pia rasimu ya kwanza iruhusiwe kuandikwa kwa Kirundi. Vinginevyo, msahihishaji hawezi kujua kama kilichopungua ni fikra au ni Kiswahili, na sera itakayojengwa juu ya alama hizo itatibu ugonjwa usiokuwepo.