Kusubu sproketi ya katapila ambalo kiwanda chake hakipo tena

Katapila likizeeka, kinachomaliza watu si injini. Injini ya dizeli hufunguliwa, ikatiwa pistoni na ringi mpya, ikarudi kazini. Kazi iko kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Meno yakishalika mpaka yakachongoka, cheni huanza kupanda na kuruka. Dereva anayechonga barabara ya kupanda Mgeta, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, hahitaji kuelezwa maana ya cheni kuruka.

Kwa katapila ambalo bado linatengenezwa, unapiga simu Dar es Salaam. Kwa lile ambalo mtengenezaji wake alishafunga miaka mingi, zimebaki njia mbili: kuchomelea meno yaliyolika, au kusubu sproketi mpya. Sidharau kuchomelea. Kwa mtambo unaofanya kazi miezi michache kwa mwaka, fundi mzuri wa kuchomelea anatosha, na pesa inayobaki inunue dizeli. Ila meno yakishajazwa mara kadhaa huanza kupasuka kwenye mashina, na hapo ndipo hesabu ya kusubu inaanza.

Wengi huiharibu hesabu hiyo siku ya kwanza. Mwenye mtambo hung'oa sproketi ya zamani, huipeleka kwa msubuji na kusema, "Nitengenezee kama hii." Msubuji anaizika kwenye mchanga, anaitoa, anamimina chuma katika nafasi iliyobaki. Kinachotoka kinafanana na cha zamani kwa kila kitu isipokuwa ukubwa. Chuma cha pua kikiganda na kupoa hunywea kwa takriban asilimia 2. Sproketi yenye kipenyo cha milimita 600 itazaa yenye 588, na mzingo wake utapungua kwa karibu milimita 38. Pingili za cheni hazitakaa kwenye meno hata ukizipigia nyundo. Hapo bado hatujahesabu kwamba sproketi uliyoipeleka ilikuwa imelika.

Ndiyo maana viwanda vya kusubu huanza na mfano wa mbao, uliochongwa mkubwa kuliko kipuri kinachotakiwa. Kwa sproketi yetu, mfano unahitaji kipenyo cha milimita 612 hivi. Waseremala wa kazi hii hutumia rula maalumu ambayo sentimita zake zimerefushwa kwa kiwango kile kile cha kunywea, ili wapime bila kupiga hesabu kila mara. Rula ya chuma cha pua haifai kwa chuma cha kusubu, ambacho hunywea karibu asilimia 1 tu. Wala haifai kwa alumini, iliyo katikati ya hizo mbili.

Vipimo vya asili utavipata wapi, ikiwa meno yamelika? Vitafute mahali ambapo tope halijawahi kufika. Tundu la katikati, matundu ya boliti na uso wa nyuma unaokaa kwenye ekseli huwa bado vina vipimo vya kiwandani. Nafasi kati ya jino na jino ipime kwenye cheni, lakini kwa akili. Cheni iliyochakaa hurefuka kwa sababu pini na bushi zimesuguana, kwa hiyo ukipima cheni nzima utadanganyika. Chukua pingili moja, toa pini na bushi, kisha pima kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu la pili. Pini na bushi hushindiliwa humo kwa nguvu na hazichezi, kwa hiyo umbali huo haujabadilika tangu siku mtambo ulipotoka kiwandani.

Kabla ya kuagiza, jua pia ni chuma gani. Kitoboe kidogo kwa drili mahali pasipo na madhara: chuma cha kusubu hutoa unga na vipande vifupi, chuma cha pua hutoa nyuzi zilizojikunja. Sproketi ya katapila ni ya chuma cha pua, na hilo linawaondoa mafundi wengi wa mjini kwenye orodha, hata wawe hodari kiasi gani. Jiko la mkaa linaloyeyusha alumini ya masufuria linahitaji nyuzi joto 660 tu. Chuma cha pua kinadai zaidi ya 1,500, kazi ya tanuru la umeme.

Mchanga nao una maneno yake. Mito inayoshuka kutoka Uluguru imejaa mchanga, na kwa alumini unafaa ukichanganywa na udongo kidogo unaoshika. Kwa chuma cha pua nisingeuamini. Miamba ya Uluguru ina felspa nyingi, na ulanga uliwahi kuchimbwa milimani humo; tazama mchanga wa Mto Morogoro juani uone unavyometameta. Felspa huanza kulainika kwenye joto lililo chini sana ya lile la chuma cha pua kilichoyeyuka, kwa hiyo mchanga hugandamana na kipuri na kukiacha na ngozi ya kioo ambayo grenda haiimalizi. Kinachotakiwa ni mchanga mweupe wa kwazi safi, na unyevu wake upimwe. Ufinyange kiganjani kisha uvunje: ukikatika kwa makali safi uko sawa, ukiacha maji mkononi utatoa mvuke ndani ya kalibu na kukuachia mashimo ndani ya chuma.

Tanganyika ilishalipia somo la vipuri vya mitambo ya cheni kwa bei kubwa. Katika mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947, Waingereza walileta makatapila yaliyokwisha tumika jeshini, mengine kutoka Ufilipino, yakapandishwa kwa Reli ya Kati kupitia Morogoro na Kilosa. Baadaye zikaja Shervick, vifaru vya Sherman ambavyo Vickers ilivigeuza kuwa matrekta. Mitambo ilitoka mikononi mwa watu mbalimbali, vipuri havikuoana wala havikutosha, na karakana ikaelemewa. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Vipuri havikuwa sababu pekee. Mvua na udongo mgumu vilikuwa na sehemu kubwa.

Wachina walipojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975, walifanya kinyume. Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, waliweka karakana ya kutengeneza vipuri karibu na kazi yenyewe, na baadaye ikawa kampuni ya Mang'ula Mechanical and Machine Tools. Kwangu mimi, tofauti hiyo inaeleza mambo mengi kuliko siasa zilizoandikwa juu ya miradi hiyo miwili.

Gharama sasa. Mzigo mkubwa haumo kwenye chuma, umo kwenye mfano wa mbao, na mfano huo unagharimu vilevile ukisubu sproketi moja au kumi. Wenye magari ya kale ya theluji huko Marekani, kama Tucker Sno-Cat, ndugu wa yale manne ambayo Vivian Fuchs alivukia bara la Antaktika mwaka 1957–58, wana tatizo hilo hilo, na dawa yake ni wenye magari ya aina moja kuagiza pamoja. Katapila moja tayari linahitaji sproketi mbili. Ukimpata mwenzako wa Kilosa au Ifakara mwenye mtambo kama wako, zinakuwa nne, na bei ya mfano inagawanyika.

Mkataba useme mfano ni mali ya nani na utakaa wapi. Usiachwe kwenye kona ya karakana inayovuja, maana mbao ikinywa maji huvimba na vipimo vyote vinapotea. Uandikwe ubavuni kwa rangi: jina la mtambo, aina ya chuma, na rula ya asilimia ngapi iliyotumika. Sproketi ikifika, isifungwe na kuwashiwa injini papo hapo. Ivalishwe cheni, izungushwe kwa mtaimbo mzunguko mzima, na kila jino litazamwe linavyoingia kwenye bushi.