Vidole Vitatu Juu ya Tairi

Goma imekaa juu ya jiwe ambalo watu wazima wa mji huu waliliona lingali la moto. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na ilipopoa watu wakajenga palepale. Lami ipo kwenye barabara kubwa. Ukikata kona kuingia mitaa ya ndani, Majengo au Ndosho, unapanda mwamba mweusi wenye meno. Na hukohuko, nyuma ya ukuta wa mawe hayohayo, ndiko kijana anakopeleka Subaru Impreza yake, iliyotoka Japani kupitia Mombasa, na kumwambia fundi: "Papa, nataka uishushe. Ilale kabisa."

Fundi asiyeijua kazi hujibu papo hapo, ama kwa kucheka, ama kwa kushika msumeno. Ninayemsifu hapa ni yule anayenyamaza kwanza.

Hulizunguka gari, mikono nyuma. Huingiza vidole kati ya tairi na madigadi, upande huu kisha ule, maana springi hazichoki kwa usawa. Gari linaloendeshwa na mtu mmoja miaka mingi huzama upande wa dereva. Huegemea kona ya gari kwa uzito wa mwili wake mzima na kuiachia. Ikipanda mara moja na kutulia, shokapu bado ni hai. Ikiendelea kucheza, hakuna cha kushusha wala cha kuinua mpaka zinunuliwe nyingine. Kisha hutandika katoni, hulala chini, na kusoma makovu: sampu iliyokwaruzwa, ekzosi iliyobonyea, na ile raba ndogo inayokaa kwenye fimbo ya shokapu ili kuzuia chuma kisigonge chuma. Raba hiyo ikishapasuka, ujue gurudumu limekuwa likifika mwisho wa safari yake kwa muda mrefu, kabla mwenye gari hajaota kulishusha.

Kwa hatua inayofuata hakuna anayemlipa, nami ndiyo niipendayo kuliko zote. Huinua kifuniko cha vumbi, hupaka grisi nyembamba kwenye fimbo ya shokapu, na kumwambia kijana: nenda nalo nyumbani na watu unaowabeba kila siku, kisha urudi. Gari likirudi, grisi imefutika mpaka mahali fulani. Pale ndipo shokapu ilipoishia ilipokutana na jiwe baya kuliko yote njiani. Kilichobaki juu ya alama ndiyo akiba, na mara nyingi kijana huona kwa macho yake kwamba akiba hiyo haifiki hata upana wa kidole.

Maana anachopima fundi ni safari ya gurudumu: linapanda kiasi gani likikuta jiwe, linashuka kiasi gani likikuta shimo. Nusu hii ya pili husahaulika. Gurudumu lisiloweza kulifuata shimo hubaki likining'inia, na tairi inayoning'inia haivuti wala haifungi breki. Mwenye kukata springi mizunguko miwili hupunguza safari, tena huifanya springi kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko ikipungua ugumu unaongezeka. Na siku gurudumu likishuka mpaka mwisho, springi iliyokatwa inaweza kuchezacheza na kuhama kwenye kikalio chake.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawaliamini. Fundi hulionyesha kwa spana mbili juu ya mchanga. Mkono wa chini unaoshika gurudumu la Impreza umepangwa kiwandani ili mwinuko wake uendane na urefu wa gari. Ukilishusha sana, ncha ya nje ya mkono inakuwa juu kuliko ya ndani, na ile nukta ambayo mwili wa gari huizunguka unapolala kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari wenyewe. Hivyo gari lililoshushwa ili lisiegemee linaweza kuegemea zaidi. Tairodi nazo hazifuati tena njia moja na mkono ule, na kila jiwe likipandwa, magurudumu hugeuka kidogo yenyewe bila dereva kugusa usukani.

Anayetaka ushahidi wa mbali zaidi ya gereji ya mtaani aitazame Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 SC zilizoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini; ya Vic Preston Jr. ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Impreza yenyewe ilishinda mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns, ikiwa juu, na bomba la kuvutia hewa likipanda kando ya kioo cha mbele. Sijasikia mtu akisema gari lile halikuwa la michezo.

Basi tuinue? Hapa napo fundi huwa bahili. Spesa anayoiweka juu ya shokapu haizidi sentimita 2 au 3. Anajua kwamba spesa haiongezi safari hata kidogo. Inausogeza mwili wa gari juu tu. Ekseli nazo zikipinda kupita kiasi, buti zake za raba huchanika, vumbi la lava likaingia kwenye grisi, na jointi ikaanza kugonga kila unapokata kona.

Sehemu kubwa ya dawa yake iko kwenye tairi. Badala ya 205/55 kwenye rimu ya inchi 16, hupendekeza 195/65 kwenye inchi 15, ikiwa breki zinaruhusu. Kimo cha tairi nzima hubadilika kwa milimita 3 hivi tu, lakini ukuta wa raba huongezeka milimita 14 kati ya rimu na jiwe. Kijana hununa, kwa sababu rimu kubwa ndizo zilizomfanya alipende gari. Nje ya geti chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inapita na magunia ya makaa; magurudumu yake mawili yako kwenye mstari mmoja, kwa hiyo msukumaji hutafuta njia moja tu kati ya mawe. Dereva wa gari anatakiwa kuzipata mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana anauhitaji ukuta ule wa raba.

Chini ya injini fundi hufunga bamba la chuma, ukingo wa mbele umepindwa juu ili jiwe liteleze, na tundu limeachwa la kumwagia oili. Bolti za bushi za raba hazikazi gari likiwa kwenye jeki. Hulishusha likae kwa magurudumu yake, na uzito wake wote, ndipo alale tena kwenye katoni na kukaza. Raba iliyokazwa ikiwa imejikunja haikai muda mrefu.

Vidole vitatu sasa vinaingia juu ya tairi, pande zote nne. Kijana analipa, analalamika kwamba gari limekuwa kama la mzazi, na anaambiwa arudi baada ya wiki mbili nati zikazwe upya.