Je, inchi ya intaneti haina mtawala?
Kupima Tangazo la Bwana Barlow

Wanafunzi wa falsafa ndani ya seminari zetu wanapenda kubishana juu ya intaneti, na katika mabishano hayo neno moja linarudi kila mara: kwamba intaneti haina mwenyewe, haina mipaka, na Leta haina uwezo juu yake. Wengi wanaolisema hawajui lilikotoka. Aliyelipa nguvu na umbo ni Bwana John Perry Barlow, mtu wa Marekani, katika andiko lake liitwalo Tangazo la Uhuru wa Inchi ya Intaneti. Alilitoa tarehe 8 Februari 1996 huko Davos, katika inchi ya Uswisi, fasi ambapo matajiri na wakubwa wa serikali wanakutana kila mwaka. Andiko ni fupi, mtu anaweza kulisoma kwa dakika tano. Lakini limenakiliwa mara nyingi sana, na mafundisho yake yangali hai hata katika vichwa vya watu wasiolisoma kamwe. Kwa hiyo inafaa tulipime.

Tuseme kwanza mwandishi alikuwa nani. Bwana Barlow alizaliwa mwaka wa 1947 katika jimbo la Wyoming. Alifuga ngombe katika shamba la jamaa yake, akatunga maneno ya nyimbo za kundi la Grateful Dead, na mwaka wa 1990, pamoja na Bwana Mitch Kapor na Bwana John Gilmore, akaanzisha Electronic Frontier Foundation, chama cha kutetea haki za watu katika mambo ya ordinateri. Alikufa mwezi wa Februari 2018. Hakuwa mwanasheria. Alikuwa mtunga nyimbo, na andiko lake lina nguvu ya wimbo: linapendeza sikio kabla halijafahamika vizuri na akili.

Kilichomsukuma kuandika kilikuwa sheria. Siku ile ile ya 8 Februari 1996 Prezidenti Clinton alitia sahihi sheria mpya ya Marekani juu ya telefone na njia nyingine za kupashana habari. Ndani yake mlikuwa na sehemu iliyokusudiwa kuwakinga watoto: mtu aliyetoa kwenye intaneti maneno ao picha zisizo na adabu, mahali mtoto wa chini ya miaka 18 angeweza kuziona, aliweza kufungwa hata miaka miwili. Nia ilikuwa njema. Lakini maana ya adabu haikuelezwa sawasawa, hata mganga anayefundisha namna ya kujikinga na ukimwi angeweza kuogopa kushtakiwa pamoja na muuza picha chafu. Bwana Barlow alikasirika, na hasira yake ilikuwa na sababu.

Basi, anasema nini? Anawaambia wakubwa wa inchi zenye viwanda kwamba hawana mamlaka juu ya watu wa intaneti, kwa maana watu hao hawakuwaita wala hawakukubali kutawaliwa nao. Anasema inchi hiyo ni makao ya mawazo tu; haina mwili wala udongo, na kwa hiyo sheria za mali na za adhabu, zilizojengwa juu ya vitu vya kushikika, haziwezi kufika humo. Mwishoni anasema watu wake watafanya mapatano yao wenyewe, na sheria moja tu itakayopokelewa na wote ni ile ya kuwatendea wengine kama tunavyotaka wao watutendee sisi.

Tukubali kwanza lililo jema. Aliona mapema kwamba chombo hiki kitampa mtu mdogo sauti aliyonyimwa, na kwamba wakubwa watajaribu kuifunga. Aliona tena kwamba sheria iliyotungwa kwa haraka na kwa woga inaumiza wasio na kosa. Tribinali Kubwa ya Marekani ilifikia mawazo yaliyo karibu na hayo tarehe 26 Juni 1997, ilipovunja vifungu vile vya adabu. Na ile sheria moja anayoitaja kwa mwisho, sisi tunaijua: Bwana wetu aliifundisha mlimani, kama tunavyosoma katika Injili ya Mathayo, sura ya 7. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuichagua.

Lakini jengo lililowekwa juu ya msingi huo lina nyufa tatu.

Ufa wa kwanza ni juu ya mwili. Si kweli kwamba inchi hiyo haina mwili. Ilizaliwa na mashini zilizounganishwa mwaka wa 1969 kwa feza za wizara ya vita ya Marekani. Leo inapita katika kamba zilizolala chini ya bahari; moja yao inafika kwetu Muanda. Na sisi wa Congo tungekuwa watu wa mwisho kuusahau mwili huo. Koltani inachimbwa Rubaya, katika Masisi, na vijana wenye miguu katika matope. Kobalti inayotiwa ndani ya betri za telefone, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wetu, upande wa Kolwezi na jirani zake. Mtu akiwa Davos anaweza kusema mawazo hayana udongo. Katekista wa Masisi hawezi kusema hivyo, kwa maana amezika watu waliofunikwa na udongo ule. Mafundisho yanayosahau mwili yanasahau pia mshahara wa mfanya kazi, na haki yake.

Hata mipaka haikufutwa. Mwaka wa 2000 tribinali moja ya Paris iliiamuru kampuni Yahoo kuwazuia watu wa Ufaransa wasifikie mnada wa vitu vya Wanazi. Kampuni ilijibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa katika intaneti haijulikani mtu yuko wapi. Wajuzi walioitwa na tribinali wakaonyesha kwamba mashini inaweza kutambua inchi ya watu walio wengi. Mwezi wa Januari 2001 kampuni ilikataza vitu vile katika minada yake. Kumbe mpaka ulikuwepo. Ila hakuna aliyetaka kuutazama.

Ufa wa pili ni juu ya uhuru wenyewe, umetoka wapi. Bwana Barlow anasema Leta ni adui wa uhuru, basi. Tazama lakini yaliyotokea. Vifungu vibaya vya sheria ya 1996 havikuvunjwa na Tangazo. Vilivunjwa na waamuzi wa Leta, kwa nguvu ya katiba ya Leta, baada ya watu kupeleka mashtaka kama sheria inavyoagiza. Tena ndani ya sheria ile ile mlikuwa na kifungu kingine, cha hesabu 230, kilichotungwa na Bwana Cox na Bwana Wyden. Kinasema kwamba mwenye kufungua baraza la mazungumzo katika intaneti hahesabiwi kuwa ndiye msemaji wa maneno yanayoletwa humo na wengine. Kifungu hicho hakikuvunjwa. Juu ya msingi wake mabaraza makubwa ya leo yalijengwa, ambapo watu mamilioni wanaandika bila mwenye baraza kusoma kwanza kila neno. Basi uhuru ambao Bwana Barlow aliusifu kama zawadi isiyotoka kwa serikali yo yote, kwa sehemu kubwa ulilindwa na sheria aliyoilaani.

Hatusemi kwamba kifungu hicho hakina ubaya. Mtu akizushiwa uongo, aliyeuzusha amejificha chini ya jina la bandia, na mwenye baraza anasema: maneno si yangu. Jina la mtu limeharibika, na hakuna wa kujibu. Huko Marekani kwenyewe wanabishana kwa nguvu juu ya kifungu hicho hata leo. Lakini dawa ya sheria yenye upungufu ni sheria iliyotengenezwa vizuri zaidi. Kukosa sheria kabisa hakumponyi aliyezushiwa.

Ufa wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. Bwana Barlow aliwaza kwamba akimfukuza mfalme, kiti kitabaki kitupu. Hakikubaki. Mwaka wa 1999 mwalimu mmoja wa sheria, Bwana Lawrence Lessig, alitoa kitabu kiitwacho Code and Other Laws of Cyberspace, na humo alieleza jambo ambalo Tangazo halikuliona. Mtu anaongozwa na mambo mane: sheria, desturi, bei ya vitu, na namna vitu vyenyewe vilivyojengwa. Ukuta unamzuia mtu bila polisi. Na katika intaneti ukuta ni programu. Anayeandika programu anaamua nani aingie, nani aseme, nani aonekane, na hahitaji kumwomba mtu ruhusa.

Mfano uko karibu nasi. Mwezi wa Januari 2019 WhatsApp ilitangaza kwamba mtu hawezi tena kupeleka mbele ujumbe mmoja kwa fasi zaidi ya tano kwa mara moja. Hapo mbele hesabu ilikuwa makumi mbili. Shabaha ilikuwa kupunguza uvumi, nasi tunaona ilikuwa shabaha njema. Lakini ni nani aliyeamuru? Hakuna baraza la wajumbe lililopiga kura, hakuna mwamuzi aliyesikiliza. Programu ilibadilishwa, na watu wa dunia nzima wakatii, kwa maana kidole hakikuweza kufanya jambo lingine. Hakuna mfalme wa zamani aliyetiiwa namna hiyo.

Mtu atatupinga hivi: Mnatetea Leta, lakini Leta zetu zimefanya nini? Je, mmesahau tarehe 31 Desemba 2018? Hatukusahau. Siku moja baada ya uchaguzi intaneti ilikatwa katika Congo nzima, hata ujumbe mfupi wa telefone haukupita, na ikarudishwa tu karibu na tarehe 20 Januari 2019. Ona basi: katika mwezi mmoja tulitawaliwa mara mbili, na Leta iliyokata kamba na kampuni iliyobadilisha programu. Bwana Barlow alisema wote wawili hawangeweza kuwako, wala mfalme wa zamani wala mfalme mpya. Tulikuwa nao wote wawili.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama kuko mtawala ao hakuna. Swali ni kama amri yake ni sheria ya kweli. Na hapo mwanafunzi wa seminari ana kipimo mkononi tayari, alichopewa na Mtakatifu Tomasi wa Akwino. Sheria ya kweli ina alama ine: inatoka katika akili, inatafuta mafaa ya wote, inatolewa na yule aliyekabiziwa ulinzi wa jamii, tena inatangazwa, kusudi watu waijue.

Tupime. Kukata intaneti ya inchi nzima wakati kura zinahesabiwa: aliyekata alikuwa na mamlaka, hilo tunalikubali. Lakini mgonjwa aliyeshindwa kumwita ndugu yake, na mchuuzi aliyeshindwa kupeleka feza kwa telefone, walipata faida gani? Alama ya mafaa ya wote haionekani. Tupime amri ya kampuni: mara nyingine ina akili, kama tulivyoona, lakini kampuni inatafuta kwanza faida yake, hakuna aliyeikabizi ulinzi wa jamii, na masharti yake yanatangazwa katika kurasa nyingi ambazo karibu hakuna anayezisoma. Tupime mwishoni sheria moja ya Bwana Barlow: ina akili, inatafuta mafaa ya wote, nayo imetangazwa katika moyo wa kila mtu. Lakini katika inchi yake hakuna aliyekabiziwa kuilinda. Siku mwenye nguvu atakapoivunja, mnyonge ataenda kulia kwa nani? Sheria ya zahabu inahitaji baraza la kuamua, la sivyo inabaki shauri jema kwa watu wema.

Ndiyo maana hatumfuati Bwana Barlow, ingawa tunamheshimu. Alikuwa na haki ya kuiogopa Leta. Hakuwa na haki ya kufikiri kwamba kukosa Leta ni uhuru. Watu wenye busara wameshika njia nyingine, ndefu na ya kuchokesha: kuandika sheria, kuzijaribu katika tribinali, kuzitengeneza. Inchi za Ulaya zina sheria ya kulinda habari za mtu binafsi, inayotumika tangu 25 Mei 2018. Congo yetu ina sheria yake ya mambo ya nambari tangu 13 Machi 2023. Ni mapadri wangapi wameifungua? Ni katekista gani aliyeelezwa haki anazopewa nayo, na hatari anazoweza kukutana nazo? Ikiwa hatuisomi, tusishangae siku itakapotumiwa kumfunga aliyesema kweli, ao itakapolala kabatini wakati mnyonge anachafuliwa jina.

Tunaomba mambo mawili. Wanafunzi wa falsafa wasome Tangazo lenyewe pamoja na kitabu cha Bwana Lessig, wabishane juu ya maandiko, si juu ya uvumi. Nao wanaosimamia makundi ya telefone katika maparokia yetu wajue kwamba wao pia ni watawala wadogo. Waandike sheria chache, wazitangaze, wamsikilize mshtakiwa kabla ya kumfukuza, tena wataje mtu mmoja wa kujibu kila siku uongo unapopita. Kundi la watu mia mbili lisilo na msimamizi wa kujibu linaweza kuvunja ndoa na kuchoma nyumba, na wa kuzika tutakuwa sisi.