Gamba Limepungua, au Halikukua?

Mwaka 1986 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio la nguruwe ambalo watu hulitaja kana kwamba lilithibitisha kuwa mafuta ya samaki huondoa gamba la mafuta lililokwisha kujijenga ndani ya ateri. Nguruwe hao walilishwa kwa miezi minane chakula cha kupandisha kolesteroli, na ateri za moyo zikakwaruzwa kwa puto dogo ili gamba lishike upesi. Baadhi walipewa pia, kila siku, mililita 30 za mafuta ya ini la samaki, yale yale ya chupani ambayo watoto huyakimbia. Hao walikutwa na gamba dogo zaidi, ilhali kolesteroli yao ilikuwa sawa na ya wenzao. Kilichobadilika ni chembe sahani za damu: omega-3 ziliongezeka ndani yake, na thromboksani, inayozifanya zishikamane, ikapungua. Ni matokeo mazito, ila ni ya kuzuia tu. Mafuta na chakula kibaya vilitolewa pamoja, kwa hiyo hapakuwa na gamba la zamani la kurudi nyuma.

Ateri hukatwa vipande na kutazamwa kwa darubini mara moja tu, mnyama akishakufa. Anayedai gamba limepungua anahitaji wanyama waliochinjwa siku tiba ilipoanza, awe na cha kulinganisha. Kundi hilo lilikuwamo katika jaribio la nyani aina ya rhesus lililochapishwa Marekani mwaka 1970, na gamba likaonekana kweli kupungua baada ya miezi 40, bila tone la mafuta ya samaki. Kilichofanyika ni kuwaondolea kolesteroli chakulani. Basi lazima pawe na kundi jingine linalorudishwa kwenye chakula kizuri bila mafuta hayo, la sivyo yatasifiwa kwa kazi ya lishe.

Yupo atakayesema kuwa siku hizi ateri hupimwa kwa mawimbi ya sauti mnyama akiwa hai, kabla na baada ya tiba. Kweli, na kundi la kuchinjwa mapema halihitajiki tena, lakini lile la lishe bado linahitajika. Kwa mfano, katika jaribio jingine la mwaka 1987, nyani walipewa mafuta ya samaki badala ya sehemu ya mafuta ya nazi, na gamba likawa dogo. Je, sifa ni ya samaki aliyeongezwa, au ya nazi iliyopunguzwa?